Mtani wa Bukene

Bibi yangu wa Kisarawe, shikamoo. Natumaini magoti yamepoa.

Nimefika Tabora salama kutoka kanda ya ziwa, nikiwa njiani kurudi nyumbani. Jana mchana treni yetu ilisimama Bukene, nikanunua viazi vitamu kwa mama mmoja aliyekuwa akiviuza pamoja na karanga chini ya dirisha. Akaniuliza kabila langu. Nikajibu kwa maringo, "Mimi Mzaramo." Bibi, yule mama alinyakua mkoba wangu pale dirishani akaondoka nao! Na dawa zangu za pumu zimo mle. Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Neno hilo unalijua. Watu waliinuka papo hapo, na mwanamume mmoja akaokota jiwe bila hata kuuliza kimeibwa nini. Yule mama akageuka, mkoba kauweka kichwani, anacheka: "Niacheni na mtani wangu! Mzaramo hapiti kwetu hivi hivi!"

Jiwe likatupwa chini, wote wakacheka. Mkoba ukarudi dirishani umejaa karanga.

Bibi, utani wetu na Wanyamwezi ulinisimulia wewe mwenyewe tangu nikiwa mdogo, kwamba babu zetu waliupata kwenye misafara ya zamani ya biashara ya kuja pwani. Mimi nikaukumbuka jiwe likiwa tayari mkononi mwa mtu. Usiku kucha nimejiuliza: je, ingekuwaje kama yule mama angechelewa kugeuka?

Jifunike vizuri alfajiri, baridi isikuguse. Karanga nakuletea zote. Mimi sijala hata moja.

Mjukuu wako,
Zuhura