Risasi za Hadija

Namakwekwe, Jumatano

Nani mwingine mtaa huu ana binti afisa wa misitu, mwenye bastola ya serikali? Hakuna. Hata mwalimu jirani siku hizi ananiamkia yeye kwanza.

Kesho Hadija anapanda mlimani, kwenye mbogo. Leo mchana alipanga risasi za aina mbili mezani, kando ya matoke yangu.

"Mama, nibebe zipi? Hizi laini zinapasukia ndani. Hizi ngumu zinapenya."

"Beba ngumu," nikasema. "Laini haitafika moyo wa mbogo. Hiyo ni ya kumaliza mtu."

Akacheka. "Eh, afande Mama! Umejifunza wapi?"

"Mama yako anajua kila kitu." Nikamwongezea mchuzi.

Nilijifunza Jinja, wakati wa vita, nilipomwosha baba yake kabla ya sanda. Kifuani tundu dogo, kidole kingeliziba. Mgongoni, pamba yote tuliyokuwa nayo haikutosha.

Hadija alikuwa mdogo. Nilimwambia ni malaria, na mpaka leo...

Alipofunga mkoba alinionyesha vidonge. "Usiogope, Mama. Dawa ya malaria nimebeba. Hicho kilichomchukua Baba hakinipati."

Nikamwambia, vizuri, mwanangu.