Sharubati ya Mama Nargisi

Mtaa wa Madukani,
Nachingwea.
9 Septemba, 1955.

Mpendwa Dada Sabaha,

Asalaam aleikum. Kabla ya lolote nipe hali yako. Kile kifua kimepona? Shemeji Amri anaendeleaje na mkonge, na watoto wamekua? Sisi huku tunapumua kwa rehema za Mungu. Mama magoti yanamsumbua, lakini juzi alikwenda Mkotokuyana mazikoni na kurudi kwa miguu yake, basi usimwonee huruma sana.

Mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu. Mji ndio umepoa tangu wale Wazungu wa mashamba ya karanga waondoke. Matrekta mengine waliyaacha, yanaliwa na kutu na mbuzi wanalala chini yake.

Sasa, dada, kaa kitako usome haya polepole. Mama Nargisi alikuja.

Ndiyo, yule yule mke wa Mzee Kasamu, wenye duka lililotazamana na kwetu kabla hawajahamia Lindi. Jumatano mchana alishuka peke yake kwenye lori la Lindi, amevaa nguo nyeupe. Mzee Kasamu alifariki mwezi wa Rajabu. Yeye anahamia Dar es Salaam kwa kaka yake, akaona asiondoke kusini bila kuliaga kaburi la mwanawe Nargisi.

Nilimsindikiza. Alikuta kaburi limepaliwa, akaniuliza nani anayelipalia. Nikamwambia ni mama, kila baada ya masika. Alinishika mkono, tukamsomea mtoto Fatiha.

Tuliporudi nyumbani nilihangaika nimpe nini. Mara akasema mwenyewe, “Zaina, bado unaikumbuka sharubati yangu ya maziwa?”

Nilitaka kusema nimeisahau. Unajua kwa nini. Tangu ile siku Nargisi alipokunywa kikombe chake mikononi mwako, na jioni homa ikamshika, hakuna aliyeipika nyumbani kwetu. Lakini yeye alikwisha kunja mikono ya nguo na kuingia jikoni.

Dada, nilijiona niko uani kwake tena, wewe umembeba Nargisi mgongoni, mimi natwanga iliki, na harufu ya samli imetanda hadi barabarani. Miaka ile nilidhani ladu, vile vidonge vyake vitamu, ni chakula cha kila Jumamosi duniani kote.

Tulitumia maziwa ya kopo, maana mbung'o hawajaacha ng'ombe hapa. Tuliyazimua kwa maji, tukayachemsha kwa moto mdogo hadi yakapungua robo, tukatia sukari na iliki. Halafu korosho: ziloweke, zitwange hadi ziwe kama uji, ndipo uzichanganye. Maji ya waridi tia baada ya kuipua, kwani ukiyachemsha harufu inakimbia. Alikuwa nayo chupa ndogo mkobani. Tukamimina mtungini, tukauzungushia kitambaa kilicholowa na kuuweka penye upepo upoe.

Ladu tulifanya za karanga, kwani unga wa dengu haufiki tena huku. Kaanga karanga, menya, twanga, kisha geuza unga wake katika samli hadi unukie. Ipua kwanza, tia sukari na iliki, finyanga ungali na moto wake, la sivyo haushikani. Zangu zilipasuka. Akacheka, “Za Sabaha hazikuwa zikipasuka!” Kisha akauliza, “Yuko wapi?”

“Yuko Muheza na mumewe,” nikamjibu.

“Mbona aliondoka bila kuniaga?”

Mama ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake kile cha Kimwera: “Ulimwuliza, ‘Umempa nini mwanangu?’ Nae akajua umemtia hatiani.”

Mama Nargisi aliweka kikombe chini.

“Daktari ndiye aliyeniuliza mtoto amekula nini,” alisema. “Nikakimbia kumwuliza Sabaha. Nilipompelekea jibu, daktari akasema si kinywaji, ni malaria imempanda kichwani. Wiki ile ilichukua watoto wengine wawili. Nilidhani Sabaha alijua.”

Mama akamwambia, “Hukumwambia mtu.”

“Sikuwa na kinywa cha kusema na mtu. Nilipokipata, Sabaha hayupo. Miaka mitano nimefikiri aliuchoka msiba wangu.”

Tulilia sote watatu. Hata mama, ambaye hukumwona akilia siku ya kumzika baba.

Nami nina langu, dada. Maneno yale ya Mama Nargisi kwako niliyasikia nikiwa mlangoni, nikayaelewa kama ulivyoyaelewa wewe. Mimi ndiye niliyekuambia, “Afadhali uende zako na Amri.” Ningevuka barabara na kuuliza mara moja tu, usingeubeba mzigo huu hadi Muheza. Nisamehe.

Alikaa kwetu siku mbili. Amekuandikia nyuma ya karatasi hii mahali atakapokuwa Dar es Salaam, kwa mkono wake mwenyewe. Anataka umwandikie, na ukipata nafasi uende na watoto awaone.

Dionisia anakusalimu, amejifungua mtoto wa kike. Mjomba Mbaruku wa Kiegei anauliza lini mtakuja. Nisalimie shemeji, na wanangu wote uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akupe afya, na usingizi mwema kuliko ule uliokuwa nao miaka hii.

Wakati wa kupanda lori, Mama Nargisi alinishika bega. Naandika kama alivyosema, nisipunguze neno: “Mwambie Sabaha, sharubati ile ndiyo kitu cha mwisho mwanangu alichokunywa akicheka. Namshukuru aliyempa.”

Mdogo wako akupendaye,
Zaina