Breki ya Upande wa Abiria

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko mbali? Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limeacha kukusumbua. Wifi yangu hajambo? Na wanangu, bado wanarefuka kwa kasi ileile ya kukutia hasara ya viatu? Sisi huku hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo ambacho anakikana hata akiwa katikati ya kukohoa. Baba ni mzima wa mwili. Ya moyoni mwake ndiyo yaliyonikalisha chini leo nikuandikie.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli ninalichokonoa lile gari bovu la Baba, kisha ukacheka mpaka simu ikakatika. Ni kweli. Cheka umalize kabisa, halafu usome.

Unajua gari lilivyokaa nyuma ya jiko chini ya turubai tangu macho ya Baba yalipozimika. Usichokijua, kwa sababu Mama alikataza usiambiwe, ni kwamba Baba hatoki tena nje ya geti. Mara ya mwisho alipelekwa hospitali kwa teksi, na yule dereva aliendesha kama anafukuzwa. Mwalimu wa udereva aliyefundisha nusu ya mji huu alirudi nyumbani anatetemeka, akaapa kwamba habebwi tena na mtu kama furushi. Ameweka ngumu tangu siku hiyo. Hata kwa rafiki yake kinyozi haendi, na kinyozi naye miguu haimruhusu kuja. Mama ndiye anayemnyoa sasa kwa mkasi wangu wa vitambaa. Kaka, kile kichwa ukikiona utalia na kucheka kwa pamoja.

Nisikudanganye, sikuanza kwa ajili ya Baba. Nilianza kwa udadisi tu. Nilifunua turubai nikitafuta ndoo, nikashika mlango wa gari, na kitasa kikabaki mkononi mwangu. Nikachungulia ndani. Chini, pale dereva anapoweka miguu, niliona majani yameota. Nikataka kujua kutu imefika wapi. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikapita. Nikachukua bisibisi nikagonga hapa na pale, na pale palipoonekana pazuri kabisa kwa rangi ndipo palipokuwa pameoza zaidi. Inakula kutoka ndani, Kaka, rangi juu inang'aa na chini yake hakuna kitu. Sikuweza kuacha. Gauni la mteja lililala mezani siku nzima bila mikono.

Nilimwita Mjomba Nati. Tangu aache kazi ya ufundi kwenye gereji ya mabasi anakaa kibarazani akisikiliza magari yanayopita na kuyasema vibaya. Alizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akasema, "Hili lilishakufa. Lete spana." Usinione vibaya, lakini siku ile nilimpenda Mjomba kuliko siku zote.

Kuna jambo moja liligusa moyo wangu tulipokuwa tunang'oa viti. Unaikumbuka ile breki ya pili, iliyo upande wa abiria, anapokaa mwalimu? Raba ya breki ya dereva bado ina mistari yake. Ile ya Baba imelika yote, kimebaki chuma kitupu kinachong'aa. Nilikaa pale sakafuni nikikiangalia. Nikawa najiuliza ni watu wangapi wako hai mjini humu, wanakula na kuzaa, kwa sababu ya kile kipande cha chuma na mguu wa Baba. Wewe mwenyewe umo, uliyetaka kulivamia tenki la maji la jirani mchana kweupe.

Sasa nikueleze aibu yangu, maana najua Mama atakusimulia na kutia chumvi. Sakafu ilibidi itengenezwe upya, upande wa dereva na upande wa abiria. Nikamwambia Mjomba, kazi ya kupima na kukata niachie mimi, hii ni ushonaji tu ila kitambaa ni kigumu. Nikakata kiolezo cha karatasi kama ninavyofanya siku zote, na ziada ya mshono nikaiacha. Nikakilaza juu ya bati nikachora, nikakilaza tena nikachora, nikampelekea fundi wa kuchomelea azikunje kingo. Unajua sisi mafundi wa nguo, mikono ya gauni tunakata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Ukifungua, mkono wa kulia na wa kushoto inatoka yenyewe, wala hufikirii. Bati halikunjwi mara mbili. Nilirudi nyumbani na sakafu mbili nzuri sana, zote mbili za upande wa dereva.

Mjomba alikaa chini kabisa kwa kicheko. Mara tukasikia mtu mwingine anacheka, kutoka dirishani. Alikuwa Baba. Mama aliacha sufuria jikoni akaja kuangalia kama ni yeye kweli. Sikumbuki ni lini niliwahi kufurahia kuchekwa hivyo. Nilikata sakafu nyingine kwa furaha.

Baada ya hapo dirisha lile halikufungwa tena. Baba alikuwa anasikiliza na kutoa amri. Usifikiri nakuja kukupa hadithi ya kipofu anayejua kila kitu kwa masikio, ngoja usikie. Siku tuliyowasha injini iliunguruma kidogo, ikakohoa, ikazimika. "Kabureta hiyo!" akapiga kelele Baba. Tukaifungua kabureta, ikawa safi kama sahani. "Basi plagi!" Tukabadilisha plagi. Ikakohoa, ikazimika. "Mafuta machafu hayo, mmenunua wapi?" Mjomba akamjibu, "Mwalimu, wewe ulifundisha watu usukani, injini niachie mimi!" Wakazozana hivyo, mmoja dirishani, mwingine chini ya gari, mpaka Mjomba akaingiza kidole kwenye bomba la moshi na kuchomoa tambara. Akavuta, akavuta, likatoka shati zima.

Kisha Baba akauliza, kwa sauti ya chini, "Lina mistari ya bluu?" Lilikuwa na mistari ya bluu. Aliliweka mwenyewe siku gari lilipofunikwa, ili panya wasiingie, akasahau. Injini ikawaka mara moja, na Baba akatoka ndani akipapasa ukuta, akaja akaweka kiganja juu ya boneti. Alikaa hivyo muda mrefu, mashavu yakitetemeka pamoja na gari. Ndipo aliposema, "Likipata kibali cha kutembea, nitakwenda kwa kinyozi. Utaendesha wewe. Nami nitakaa kwenye kiti changu, na breki yangu."

Kaka, tangu hapo gari halikuwa tena mchezo wangu. Nilipiga msasa mpaka kucha zikaisha. Nilishona viti upya. Mjomba alibadilisha mipira yote ya breki na kuzifunga taa moja baada ya nyingine, na fundi wa kuchomelea akaja nyumbani kuziunga sakafu. Nililala nikiwaza kutu na kuamka nikiwaza kutu.

Tukalipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi ni mama mmoja mnene, miwani imepanda kwenye paji la uso, hana haraka na mtu. Aligonga sakafu zangu kwa nyundo ndogo, akaangalia taa, akalisimamisha gari kwenye mashine ya breki. Kila kitu kikapita. Halafu akafungua mlango wa abiria. "Na hii?" akauliza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya shule ya udereva, na nyinyi si shule. Itenganisheni isifanye kazi, ndipo nipige muhuri."

Nikabaki nimeshika tama pale kwenye ngazi za ofisi. Nilijua Baba atasema nini. Bila breki yake yeye ni furushi, na furushi haliendi kwa kinyozi. Mjomba ndiye aliyepata jawabu, na alilisema bila kuniangalia machoni. Tuondoe kile chuma kinachounganisha, lakini pedali yenyewe ibaki mahali pake na springi yake. Mkaguzi ataridhika. Baba ataibonyeza, itarudi, naye hataona.

"Hataona." Kumdanganya kipofu, tena baba yako! Lakini nilikifikiria kile kichwa chake chenye mabaka, na geti, na kinyozi aliyekaa peke yake upande wa pili wa mji. Nikakubali. Mkaguzi akapiga muhuri.

Shida iliyobaki ilikuwa moja: Baba akifunga breki, gari lipunguze mwendo, la sivyo atajua. Ikabidi nijifunze kuutazama mguu wake kwa pembe ya jicho huku nikiendesha. Mjomba akajitolea kuwa Baba. Tulizunguka kiwanja cha mpira, yeye akibonyeza ovyo ovyo, mimi nikifunga breki kila mguu wake ukishuka. Waliotuona walidhani gari limepata kwikwi.

Alhamisi iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baba alioga, akavaa shati jeupe nililompigia pasi mara mbili. Akaingia, akafunga mlango, akautuma mguu kuitafuta pedali. Akaibonyeza polepole hadi chini. Ikarudi. Akasema, kwa sauti yake ileile ya zamani, "Haya, mwanafunzi. Kioo. Gia. Taratibu." Mama alitufungulia geti akiwa ameziba mdomo kwa kanga yake.

Njia anaikumbuka yote. Tukifika kwenye tuta, mguu unashuka, nami nafunga breki. Kwenye kona ya duka la mbao, mguu unashuka, nafunga. Sehemu moja barabara ilikuwa tupu kabisa, hakuna hata kuku, na mguu ukashuka. Nikafunga breki, na dereva aliyekuwa nyuma yangu akanitukana kwa honi. Nilifurahi: mambo yanakwenda.

Karibu na soko, mkokoteni wa magunia ukachomoka kutoka uchochoroni. Sikutazama mguu wa mtu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, tukasimama magunia yakiwa mbele ya pua yetu. Nilipogeuka, miguu yote miwili ya Baba ilikuwa imetulia sakafuni. Hakuwa ameibonyeza.

"Umeona nini?" akauliza.

"Mkokoteni, Baba."

Mwenye mkokoteni akapita, akaomba radhi kwa mkono. Ndipo Baba akasema, "Breki yako nzuri. Hii ya kwangu mwambie mjomba wako aing'oe kabisa, inanichosha mguu bure. Haijaungwa na kitu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga kifungo cha shati. Kisha akainyoosha miguu yake, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona baba yetu amekaa garini kama abiria. Nililia, Kaka. Nililia nikiendesha mpaka mlangoni kwa kinyozi, na yeye akinielekeza pa kuegesha.

Sitakueleza walivyokumbatiana wale wazee wawili, maana walitufukuza, mimi na vijimaneno vyangu. Amerudi na kichwa laini kama yai, na jana ametoka tena, kwenda tu kununua betri za redio ambazo hazikuwa zimeisha.

Lakini kuna kitu kinanisumbua, na wewe ndiye uliyekaa naye kwenye gari lile miaka mingi kuliko mimi, kwa kuwa ulifeli mtihani mara nyingi kuliko mimi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga pedali ile zamani. Naamini alijua tangu alipoibonyeza mara ya kwanza pale uani. Sasa, kama alijua, zile breki zote za njiani alikuwa anazipiga ya nini? Ile ya barabara tupu, je? Alikuwa ananichezea, au alikuwa anajifariji, au alikuwa anataka kujua kama mimi, mtoto wake, namtazama?

Nimemuuliza jana tukiwa njiani. Akanigeuzia uso wake, akasema, "Ulikuwa unanitazama. Ndiyo maana nimepanda tena leo."

Basi nami nimeridhika, ingawa wewe nakuomba unipe maoni yako.

Mama anakusalimu na anasema hakohoi. Mjomba Nati anakusalimu, pedali keshaing'oa na sasa anaitumia kuzuia mlango wa banda lake. Fundi wa kuchomelea anauliza kama huko kuna mtu anayehitaji sakafu ya upande wa dereva, tunayo moja ya ziada. Mbusu Wifi, na wanangu wote uwabane mashavu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akupe na riziki isiyo na kutu.

Mimi mdogo wako wa pekee, akupendaye na kukukumbuka,

Fundi wa Nguo na Mabati