Kwa Josepha, Aliyewafundisha Akina Mama wa Kumsenga Kujinasua

Mwaka umetimia, Mama Ange, na bado Jumamosi alfajiri tunasikia kishindo cha mtu anayeangushwa nyuma ya nyumba. Tunatoka kuangalia. Hakuna mtu. Kuku tu, nao wanatushangaa.

Ulikuwa muuguzi wa zahanati, na judo uliianza kwa sababu ya presha yako mwenyewe. "Nawaambia wagonjwa wafanye mazoezi, na mimi gauni la kazi halifungi," ulisema. Ukamfuata Ndayikeza, yule mama muuza vitenge aliyecheza judo Burundi akiwa msichana, akakufundisha uani kwake miaka miwili. Ulikuwa unarudi na vumbi mgongoni, unacheka peke yako.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hukulisema sana. Pale zahanati walikuja akina mama wenye mikono iliyovimba, wanasema wameanguka na kuni. Uliwafunga bandeji, ukaandika "ameanguka", ukarudi nyumbani. Siku moja ukasema, "Basi, kama ni kuanguka, nitawafundisha kuanguka. Na kuangusha."

Ukajaza magunia makapi ya maharage, ukayashona pamoja, ukayatandika kwenye uwanja wa shule, nyuma ya nyumba yetu, ukaita watu. Walianza sita, wakafika thelathini. Recho alipangwa kufanya mazoezi na mama mkwe wake, Immakulata, akagoma hata kumgusa mkono. Immakulata akamwambia, "Niangushe tu, mwanangu. Nyumbani tutaelewana." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ukaniteua mimi mumeo niwe mkamataji, yaani mwizi wa kuigiza, kwa kuwa hapakuwa na mwanaume mwingine uliyemwamini. Siku ya kwanza nikajificha nyuma ya ukuta wa shule na koti na kofia, nikawatokea kwa fujo. Akina mama watano wakainama, wakapiga makofi: "Mwakeye, Mwalimu!" Ndivyo walivyolelewa. Mwili ukimwona mtu mzima, unainama wenyewe kumwamkia.

Ukashika kiuno. "Huyo ni mwizi! Mnamwamkia mwizi?"

"Si mwizi, sista," Immakulata akajibu. "Ni mumeo. Anafundisha wajukuu zangu."

Ilichukua miezi kuwatoa hapo. Ulinikataza kuwadekeza. "Washike kama hujui majina yao," ulisema, na mimi niliwashika hivyo, nikaanguka kila Jumamosi, nikapakwa dawa na wewe kila Jumapili.

Halafu Jumamosi ile ukatoka mazoezini ukasema kichwa kinauma. Nikakuambia, "Leo wamekuweza." Ukatabasamu, ukaenda kujilaza. Sikukufuata. Siku ya tatu ukatutoka pale hospitali ya Kabanga, bila kusema neno jingine. Watu wanafurahia utani wangu mpaka leo. Hawajui kwamba kila nikitania nasikiliza kama kuna mtu anaamka chumbani.

Baada ya msiba sikurudi uwanjani. Nilisingizia magoti. Binti yetu Ange akaendesha mazoezi peke yake, akina mama wakabaki kukamatana wao kwa wao, na wengine wakaacha kuja. Mwezi wa tatu mwaka huu Recho alikamatwa na mtu kwenye njia ya kuni. Alipiga kelele, watu wakatokea shambani, yule mtu akakimbia. Kesho yake Recho akaja nyumbani, alama za vidole bado zipo shingoni.

"Baba Ange, nilisahau kila kitu," akasema. "Ule uzito. Miezi yote hii hakuna aliyenishika hivyo. Sisi tunashikana kama tunasukana nywele."

Nikaanza habari za magoti, kwamba lile la kushoto limeomba uhamisho.

"Usinitanie. Unakuja au huji?"

Nilijua umesimama nyuma yangu mlangoni, Josepha, kama ulivyokuwa unasimama ukisubiri nimalize porojo. Sikuthubutu kugeuka. Ilinichukua majuma mengine mengi, na hilo naomba unisamehe, na Recho anisamehe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nikamshika Recho kwa nyuma, kwa nguvu ya kweli. Hakufanya kitu. Nilisikia moyo wake unavyodunda kwenye mkono wangu, nikataka kumwachia. Halafu dunia ikapinduka, nikajikuta chali.

Nilipofumbua macho niliutafuta uso wako. Ulioinama juu yangu ulikuwa wa Ange, na nyusi zako. Nikalia. Akina mama wakacheka sana, wakidhani naigiza. Ange hakucheka. Akanifuta vumbi usoni kwa khanga yake, taratibu, jicho moja kisha jingine. Kisha akaninyanyua, akanishika mabega mpaka nikasimama vizuri, akawageukia wenzake.

"Anayefuata."

Wakapanga mstari. Wote.

Unakumbukwa na mumeo, Lusajo. Binti yako, Ange. Mama yako mzazi, Bibi Yusta wa Kibondo. Kaka yako Melkiadi na familia yake, Kasulu. Rafiki yako Ndayikeza. Na akina mama wote wa Jumamosi.

Hatujakusahau hata siku moja, Josepha, na hatuna mpango wa kuanza.