Mawe Yasiyo na Majina Nyuma ya Nyumba ya Mkutano

Arua, Ijumaa

Mama,

Mpima ardhi wa wilaya amesema leo asubuhi kwamba nyuma ya nyumba ya mkutano kuna makaburi. Wiki iliyopita alisema hakuna. Nilikuwapo mara zote mbili. Nakueleza wewe kwa sababu kaburi mojawapo ni lako, na gazeti langu haliwezi kuichapa habari hii.

Ulipotuacha, nyumba ilikuwa bado ya Marafiki, dini yetu ya kusali kimya. Tangu amri ya kufunga dini ndogo itangazwe redioni, mlango umetiwa kufuli, na sasa ndani kuna magunia ya tumbaku. Yale madawati yaliyotazamana sijui yalikokwenda. Wapo wanaosema yalifanywa kuni, lakini sikuona. Mwenye ghala anautaka uwanja wa nyuma aegeshe malori yake.

Mara ya kwanza mpima alikuta mawe bapa, yamelazwa sawa na ardhi, yote ya ukubwa mmoja, bila jina wala msalaba. "Hapa hakuna kaburi," alisema. "Iko sakafu ya nyumba ya zamani."

Sikumlaumu. Desturi hiyo aliileta yule fundi Mzungu aliyeijenga nyumba wakati wa Waingereza: mbele ya Mungu hakuna mkubwa, basi hata jiwe lisimtaje mtu. Alimzika hivyo mpishi wake. Akawazika hivyo wageni waliokufa kwa homa ya uti wa mgongo, wasio na ndugu wa kuwachukua. Mwishowe naye akazikwa vivyo hivyo. Ulinisimulia hayo tukipalilia pale, ukanionyesha kila jiwe ni la nani.

Baba mdogo Adriko hakukubali uzikwe huko. Alikutaka kijijini Aroi, kando ya kaka yake, mumeo. "Mutu nazikwa nyumbani kwake," alisema mbele ya jeneza lako. Tulifuata wosia wako, naye akasimama nje ya ua mpaka tukamaliza.

Safari hii, kabla mpima hajarudi, niliwapitia wote wenye mtu wao pale, toka mtaa wa Oli hadi Abuku, nikawaomba waje wakae. Baba mdogo pia nilimwambia, bila kumtegemea.

Leo tukakaa, kila mmoja kando ya jiwe la mtu wake. Kimya, kama zamani. Nilikumbuka karanga ulizonipa mkutanoni, ulizozimenya nyumbani ili maganda yasilie. Nilipokuuliza mbona hakuna anayehubiri, ulininong'oneza, "Mwenye neno atasimama."

Askari aliyefuatana na mpima alituzunguka. Akauliza kama tunasali, maana Marafiki kusali ni marufuku. Baba mdogo, aliyefika wa mwisho, akamjibu bila kuinuka: "Afande, wewe nasikia mutu nasali?"

Askari alisikiliza kweli. Hakusikia kitu. Akacheka, akaenda kutafuta kivuli.

Mpima akaanza kutia alama kwenye ramani yake, kila palipokaa mtu. Penye jiwe lisilo na mtu alipita tu. Hapo ndipo nilipotazama vizuri na kuona kwamba Baba mdogo amekaa upande wangu wa pili, pa yule Mzungu. Mawe ni sawa, angejuaje. Sikumwita.

Njiani aliniuliza kama alikaa vizuri pa mama yangu. Wewe hukupenda uongo hata wa adabu, basi nilimwambia alikaa pa Mzungu. Tulipofika darajani alisimama.

"Ule Muzungu," akasema, "iko na mutu yake hapa?"

Nikamjibu hana hata mmoja.

"Basi mimi takaa pake tena."

Mama, mawe ya wale wageni wa homa bado hayana alama. Jirani yako Zainabu, Mnubi wa Oli uliyekuwa ukisukana naye nywele, amesema ataleta binti zake wakae hapo. Wanawe wa kiume wanamtania kwamba kesho atabatizwa. Amewaambia kukaa chini si kubatizwa, na wewe ulikaa matangani kwa mumewe siku zote bila kusilimu.

Sijui kama alama za ramani zitayazuia malori. Mpima mwenyewe hakuniahidi. Alichosema ni kwamba Jumatatu atarudi na vigingi, na kwamba vitafuata watu walipokaa.

Pumzika, Mama. Baba mdogo atakuwa kwa Mzungu, Zainabu kwa wageni. Mimi nitakuwa kando yako Jumatatu, jua likichomoza, na karanga nitakuwa nimezimenya nyumbani.