Nilizika Muswada Ulio Hai, Maua Nikapewa Mimi

Bibi Crescencia mpendwa, ambaye nasoma majibu yako gazetini, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana nakuandikia nikiwa ndani ya gari nyuma ya jengo la Bunge hapa Santa Fe na miguu imekataa kuingia ofisini, tangu walipobandika jina langu ukutani na kuweka maua chini yake.

Kazi yetu ni kufuatilia miswada yote ya jimbo inayogusa tabianchi na nishati safi, upi umeingia, upi umehamishwa kamati, upi umewekwa kando, na kila jioni tunatuma orodha vijijini ili watu wajue siku ya kuja kusema yao, kwa sababu kikao ni siku sitini tu na kamati haimsubiri mtu anayeishi mwendo wa saa tatu huko milimani. Tuko wawili. Mwenzangu ni mzee wa miaka sabini na moja, nitamwita Mzee Fermín ingawa silo jina lake, yuko kwenye kazi hii tangu mimi sijazaliwa, na yeye hasomi kwenye kompyuta, anasoma karatasi, kila mstari, penseli nyekundu kwa kilichofutwa, ya kijani kwa kilichoongezwa, na ya buluu anaichomeka sikioni kwa ajili ya asichokielewa, na Bibi, ile ya buluu ndiyo fupi kuliko zote.

Mwaka huu mkuu wetu, Bi. Renata, alileta programu ya kompyuta inayojitafutia maneno, jua, upepo, umeme, akanikabidhi mimi, nami nikaiamini. Sasa, kikao kikianza wabunge huwasilisha pia miswada mitupu, yaani namba na kichwa tu, ndani hamna kitu, inakaa hivyo hadi mtu apate cha kuijaza, na kwa kuwa haikuwa na neno lolote la kutafuta programu iliiruka, nami nikaiondoa kwenye orodha ya inayosomwa kila siku, ila Mzee Fermín kila asubuhi alipita kwa makarani kuwauliza, "Mitupu yangu imevaa nini leo?" wakawa wanamcheka, na mimi nikiwa nao.

Basi ule muswada wa kuruhusu vijiji vya mbali kuwa na shamba moja la umeme wa jua na kugawana, ambao watu wa Llano Hondo wameungoja miaka sita, ukawekwa kando na kamati, nikaandika UMEKUFA kwa herufi nyekundu, nikawapigia simu wasikodi basi, na mama mmoja akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika. Siku mbili baadaye Mzee Fermín akakuta muswada mmoja mtupu umejazwa, kurasa kumi na nne, maneno yale yale ya Llano Hondo chini ya namba nyingine, na unasikilizwa kesho yake asubuhi. Hakunigombeza. Alichukua simu akapiga nyumba kwa nyumba, kesho yake wakaja watu arobaini na mmoja wakasema yao, kamati ikapitisha kwa kura moja, Bunge likapitisha, na juzi gavana ametia saini.

Lakini orodha ya jioni ile, iliyotoka na namba mpya, ina jina langu, Bibi. Bi. Renata akanisimamisha mbele ya wote akasema programu na kijana wameona kile ambacho penseli isingekiona, na kwamba Jumatatu watamfanyia Mzee hafla ya kumuaga, kikao kijacho meza yake haitakuwepo. Nikamtazama Mzee, akanikonyeza, na tulipofika kwenye ngazi akaniambia, "Acha tu, binti yangu. Wewe una miaka ya kukaa humu, mimi nina magoti mabovu." Nikisema ukweli huenda nikafukuzwa, nikinyamaza anaondoka yeye, na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nifanye nini?

Aliyepewa maua, Santa Fe

*

Wewe uliyepewa maua,

Barua yako nimesomewa na mkwe wangu Orlinda mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa naigombeza sikuisikia vizuri. Yeye ndiye anayeandika haya. Mimi shule niliiona kwa mbali nikipita na kondoo. Jibu hili nakutumia wewe kwanza. Gazetini litatoka baada ya Jumatatu, kwa hiyo usitegemee mimi nikusemee.

Pole. Anayezika muswada kimakosa ni yule tu anayeamka kuufuata. Wengine hata hawajui kwamba kuna kaburi. Na aibu yako umeileta bila kuipamba, hilo nimelipenda.

Sasa kaa vizuri. Baba yangu alipoanza kunifundisha kuchunga aliniambia, kengele siyo kondoo. Ukilala kwa sababu unasikia kengele, utaamka uikute shingoni mwa mbuzi wa jirani. Wewe ulifuata namba, mzee alifuata maneno. Hiyo kompyuta haina kosa, inasikia kengele kuliko sisi sote. Lakini asubuhi lazima mtu ainuke akawashike kondoo manyoya.

Halafu huyo mzee. Jina umelificha, penseli hukuzificha. Miaka kumi na tisa iliyopita kulikuwa na muswada wa kupitisha nyaya za umeme wa upepo juu ya mifereji yetu ya maji. Mtu mmoja akaja na theluji mabegani, penseli tatu, akaketi jikoni kwangu. Nikamwambia mimi sijui kusoma, amtafute mwingine. Akasema, "Basi mimi nitasoma, wewe utaelewa." Akasoma kurasa zote. Alipofika pasipoeleweka hakujifanya. Alichora buluu, akaniuliza mimi maji yanapita wapi. Mimi! Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kamati na viatu vya kuazima, na mstari ule wa buluu ukabadilishwa. Nyaya zilipita, mfereji ukabaki. Nimewaona wasomi wengi. Aliyeniuliza swali na kungoja jibu ni huyo mmoja.

Anakuachia kiti kwa sababu moyo wake ni mkubwa. Ukikikalia, wako ni mdogo. Na asikudanganye kwa magoti; hasomi kwa magoti.

Usingoje hafla. Nenda kwa huyo Renata nyumbani kwake Jumapili, peke yako, bila machozi. Mwambie: mimi niliuzika, yeye aliufukua. Maneno manne, na usiongeze "lakini." Mwambie asiitupe kompyuta, ila meza ya mzee ihamishiwe karibu na yako, na kikao kijacho mtakwenda wote kwa makarani kila asubuhi kuuliza mitupu imevaa nini. Kisha mpigie yule mama wa Llano Hondo. Atakusema kidogo. Vumilia, mwishoni atakuuliza kama umekula.

Akikufukuza Renata, amefukuza mtu mkweli kwenye kazi isiyo na jembe lingine ila ukweli, na hasara ni yake. Sidhani atafanya hivyo. Maua yatie maji, ni ya mzee.

Jumatatu jioni nitapika posole, ile supu ya mahindi na nyama, kwa pilipili nyekundu. Mje wawili, naye aje na penseli zake. Ukija peke yako nitajua hukusema, na bakuli lako litabaki limefunikwa.