Baba Yako Yu Hai?

Pretoria, 11 Machi 2019

Kwa Baba Mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi zikustahilizo, natumai barua hii inakukuta mzima pamoja na Yaya mama yetu, mwanangu Tatah na jamaa wote wa boma. Mimi ni mzima wa mwili.

Ingawa nilikubeba mgongoni ulipokuwa mtoto, Wirsiy, tangu ulipovishwa kofia ya marehemu baba yetu na kukalishwa kwenye kiti chake wewe ndiwe Baba, nami sitakuita vinginevyo. Ni heshima hiyohiyo iliyoniponza.

Nilimweleza ofisa wa wakimbizi, kwa mpangilio na kwa ufasaha, jinsi Baba alivyopigwa risasi mlangoni. Kisha akataka kujua ni nani aliyenishauri nikimbie. Nikajibu, nikimaanisha wewe, "Baba ndiye aliyenituma." Akaandika, akanishukuru, akafunga jalada. Hakuuliza lolote zaidi. Sasa uamuzi umetoka: ombi limekataliwa, kwa kuwa maiti haimtumi mtu safari, na kwa hiyo mimi ni mwongo. Nisipoupinga nitarudishwa nyumbani, na unawajua wanaoningoja.

Bi Refilwe, wakili wa kituo cha msaada, anaupeleka uamuzi huo Mahakama Kuu ukapitiwe. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu hati ya kiapo, iliyoandikwa kwa utaratibu na kugongwa muhuri, ithibitishe kwamba baba yetu mzazi amefariki na kwamba wewe ndiwe mrithi wake. Barua ya kawaida haitoshi. Muhuri usomeke.

Wako mtiifu,
Mwanao


Kumbo, 2 Aprili 2019

Mwanangu Lukong,

Hujambo huko ugenini? Sisi hatujambo. Mvua za kwanza zimeshuka, mahindi tumepanda. Yaya anasumbuliwa na magoti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Nilipowasomea barua yako, Tatah aliuliza kama ni waraka wa askofu. Ana ndevu sasa huyo, chache, na anazichana. Yaya akasema huyo bwana wa karatasi aje hapa amwoneshe kaburi, halafu ale fufu yake aende zake.

Lakini kaka, na leo acha nikuite kaka, hukuweza kumwambia tu kwamba baba huyu ni mdogo wako? Najua usingeweza. Hata Yaya aliyenizaa haniiti tena Wirsiy.

Mahakama ya hapa imefungwa. Muhuri unapatikana Bamenda tu, na njia unaijua: kizuizi cha hawa wanajeshi, kisha kizuizi cha wale waasi, na kila mmoja anauliza kwa nini mwenzake alikuruhusu kupita. Jumatatu, kwa amri ya waasi, hakuna anayethubutu kutoka. Nangoja Jumanne iliyotulia. Au barua yangu hii haiwezi kutosha?

Baba yako


Pretoria, 19 Aprili 2019

Kwa Baba Mheshimiwa,

Salamu zangu nakuomba uzipokee kwa ufupi leo. Usiende Bamenda. Ningekupigia, lakini simu ya huko haishiki.

Jana nilimwomba radhi Bi Refilwe kwa kuchelewa kwa hati. Akauliza hati gani. Nilipomweleza, akasema, "Mzee Lukong, mahakama haitauliza kama baba yako yu hai. Itauliza kama wewe uliulizwa." Majaji watasoma kumbukumbu za mahojiano basi. Ikiwa ofisa aliona neno langu moja linapingana na jingine, haki ilimtaka anioneshe, kisha angoje jibu. Hakungoja. Hiyo ndiyo kesi yote.

Alikwisha kunieleza hayo tangu siku ya kwanza. Mimi niliona kwamba kwenda mahakamani bila muhuri ni kama kwenda bila viatu.

Nijibu upesi kwamba hujaondoka.

Mwanao


Pretoria, 9 Septemba 2019

Kwa Baba Mheshimiwa,

Natumai nyote mu wazima, ingawa sina barua inayoniambia hivyo. Simu bado haishiki. Watu wa basi linalozifikisha barua huko wanasema barabara imefungwa, nami najiambia ni hilo tu.

Tumeshinda. Uamuzi umetenguliwa kwa sababu sikupewa nafasi ya kujieleza. Nitasikilizwa upya, mbele ya ofisa mwingine. Jaji alisoma hukumu kwa lugha safi sana. Ungeipenda, ungenicheka ninavyoikariri.

Nicheke basi, lakini uniandikie.

Mwanao


Kumbo, 6 Oktoba 2019

Mwanangu Lukong,

Ni mimi, Tatah. Yaya ameniamuru nianze hivyo, na nimechana karatasi kadhaa kabla mkono haujakubali.

Alikwenda Bamenda Jumanne ile aliyokuwa akiingoja. Muhuri aliupata. Wakati wa kurudi, katikati ya vizuizi, risasi zilirushwa kutoka pande zote mbili, na kila upande unasema zilikuwa za wenzao. Barua yako ya kumzuia ilifika tukiwa bado tumekaa chini kwa msiba wake. Yaya alikataza usiandikiwe mpaka matanga yaishe na kiti kipate mtu. Wazee walikuja wakanishika mkono mimi. Nililia. Wakasema kiti hiki hakipewi anayekitaka.

Hati ya kiapo ilikuwa ndani ya kofia yake. Naiambatanisha. Muhuri unasomeka vizuri, kama ulivyoagiza.

Yaya anakusalimu. Anasema ule.

Baba yako


Pretoria, 28 Oktoba 2019

Kwa Baba Mheshimiwa,

Natumai u mzima, na kofia haikulemei.

Nimetafuta utangulizi ufaao na sikuupata. Aliniuliza kama barua yake haiwezi kutosha. Ingetosha. Hata hiyo isingehitajika.

Nitahojiwa Jumatano. Bi Refilwe anasema nitulie, kwani safari hii ofisa akilitilia shaka neno langu lolote atalazimika kuniuliza, na kungoja mpaka nimalize. Atataka kujua kama baba yangu yu hai. Nitamjibu kwamba yu hai. Ana ndevu chache, na anazichana.

Akiona ajabu, aulize.

Mwanao